Adui Aliyejificha Chini ya Barafu

Ndugu askari, maji nayo hujua kuvizia. Tarehe 30 Septemba 1996, nchini Iceland, volkano ililipuka chini ya barafu kuu ya Vatnajökull. Kwa majuma matano maji ya barafu iliyoyeyuka yalikusanyika kimyakimya katika ziwa la Grímsvötn, lililofunikwa na barafu. Shinikizo lilipozidi, maji yaliiinua barafu iliyoyazuia, yakapita chini yake mwendo wa kilomita 50 hivi. Tarehe 5 Novemba yakafumka uwandani, yakabomoa madaraja ya barabara kuu. Hata hivyo hakuna aliyekufa: wataalamu walikuwa wakichunguza kimo cha ziwa, na barabara ilifungwa mapema. Basi mlinzi wa daraja asidanganywe na ukimya wa mto.