Kesi ya Chuo cha Garissa: Kila Mtu na Ushahidi Wake

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili, 2015, watu wanne wenye bunduki waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, mji ulio kando ya mto Tana. Hata ilipofika jioni watu 148 walikuwa wameuawa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Wauaji hao, wafuasi wa Al-Shabaab, walikufa siku ile ile. Mmoja wao alikuwa kijana aliyesomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Wafu hawashtakiwi. Likabaki swali moja: ni nani aliyewasaidia? Watu watano walipelekwa mbele ya mahakama ya Milimani, Nairobi, nao wakakana mashtaka.

Kwa mzazi aliyezika mtoto wake, kila mshtakiwa huonekana kuwa ndiye muuaji. Lakini Hakimu Mkuu, Bw. Francis Andayi, alimpima kila mtu peke yake. Mlinzi wa chuo aliachiliwa mapema mwaka 2019 kwa kukosekana ushahidi. Tarehe 19 Juni mwaka huo ikatolewa hukumu juu ya wanne waliosalia. Mtanzania mmoja alikuwa amekamatwa chuoni siku ya shambulio, naye hakuwa mwanafunzi, wala hakuweza kueleza lililompeleka pale. Wengine wawili waliunganishwa na wauaji kwa habari za simu. Watatu hao walionekana na hatia. Wa nne akaachiliwa. Tarehe 3 Julai, Mtanzania alipewa kifungo cha maisha, na wale wawili miaka 41 kila mmoja.

Watu wa Garissa wanajua thamani ya jambo hili. Mwezi wa Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini humo, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto, na wakazi wakazuiliwa katika uwanja wa shule bila kesi yo yote. Wengi walipoteza maisha. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika habari za mauaji hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013.

Methali husema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mwaka 1980 mtaa mzima uliadhibiwa kwa methali hiyo. Katika kesi ya chuo watu watano walishtakiwa kwa jambo moja, na mwaka 2019 wawili wakarudi kwao huru. Sheria iliyowafunga wenye hatia ndiyo iliyowafungulia mlango wale ambao hatia yao haikuthibitishwa.