Kutoa Upepo Katika Breki za Pikipiki ya Chama



Siku moja, baada ya kukagua vitabu vya chama kimoja cha msingi, niliazimwa pikipiki ya chama hicho. Nilipokuwa nikiteremka mlima nilibana breki ya mbele; mkono wa breki ulifika hadi kwenye usukani na gurudumu halikushikwa. Niliokolewa na breki ya nyuma. Katibu alijua tangu wiki mbili kwamba breki ile ni laini, ila alikuwa akingoja fedha za fundi. Kumbe ilikuwa kazi ya nusu saa.

Breki ya diski huendeshwa kwa mafuta. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mkono hufika kwenye pedi. Upepo hubonyea, ukiingia ndani, nguvu hupotelea humo.

Vifaa vinavyotakiwa ni spana, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa, matambara, na mafuta mapya ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha breki, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Kisha fuateni utaratibu huu:

1. Simamisheni pikipiki, kikopo kikae sawa. Kifungueni, mkijaze hadi alama ya juu.

2. Vesheni mpira kwenye skrubu ya kutolea upepo iliyo karibu na diski. Ncha ya pili izame katika mafuta kidogo ndani ya chupa.

3. Mmoja abane breki polepole mara kadhaa, kisha aishikilie. Mwenzake alegeze skrubu kidogo. Mafuta na mapovu yatatoka. Skrubu ikazwe kwanza, ndipo breki iachiwe.

4. Rudieni mpaka mapovu yakome na breki iwe ngumu. Ongezeni mafuta kila mara. Kikopo kikikauka, upepo utaingia upya.

Msitumie kamwe mafuta ya injini, kwa kuwa huharibu mipira ya breki. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe. Yakidondokea rangi, osheni mara moja kwa maji, na pedi zisiguswe nayo.

Jaribuni breki uwanjani kwa mwendo mdogo. Ikibaki laini, au mafuta yakivuja, pikipiki isiendeshwe mpaka fundi aione.

Mwisho, Katibu aandike tarehe ya kazi hiyo katika daftari la pikipiki. Chama kinachotunza hesabu zake hakishindwi kutunza maisha ya mjumbe wake.