Maandalizi ya Mifuko ya Anodi na Vichujio katika Uchovyaji wa Nikeli: Suala kwa Viwanda vya Masoro

Katika uchovyaji wa nikeli kwa umeme, mfuko wa anodi huzuia chembe za anodi inayoyeyuka zisifike kwenye kifaa kinachochovywa na kukiachia vipele. Hata hivyo, mfuko mpya wenyewe ni chanzo cha uchafu: kitambaa cha polipropilini huja na mafuta ya kusokotea nyuzi, na cha pamba huja na wanga. Vikiingia katika myeyusho wenye nyuzijoto 50 hadi 60 za Selsiasi, tabaka la nikeli hutoboka vishimo, hufifia au huvunjika upesi. Kwa hiyo mifuko na vichujio huoshwa kwa maji ya moto na sabuni kidogo, husuuzwa sana, hulowekwa katika asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa hadi takriban asilimia 5, kisha husuuzwa tena. Mdomo wa mfuko hubaki juu ya myeyusho; ukizama, kazi yote ni bure.

Kwa Masoro, palipo na Ukanda Maalumu wa Kiuchumi wa Kigali, hili ni suala la sera pia. Kuusafisha myeyusho uliochafuka kwa mkaa amilifu huondoa hata viongezi vya kung'arisha, na huacha tope lenye nikeli, ambayo ni sumu. Masharti yanayopima majitaka pekee hulikuta tatizo limekwisha kutokea. Kumbukumbu za uoshaji wa mifuko zingefaa kukaguliwa pia.