Furaha Wakati wa Ukavu wa Roho (3)

Wiki iliyopita tulimwacha Yohane wa Msalaba gerezani Toledo. Leo tumtazame binti yake wa kiroho, Teresia wa Mtoto Yesu, mtawa Mkarmeli wa Lisieux, Ufaransa. Maisha yake yanatuonyesha jambo ambalo mahubiri mengi hulipita: ukavu unaweza kukaa usiondoke, na furaha nayo ikawepo.

Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896 alikohoa damu. Kilikuwa kifua kikuu. Hakuogopa, alifurahi kuwa mbingu imekaribia. Majira hayohayo ya Pasaka, mbingu ile ikamfungia mlango. Uzima wa milele, uliokuwa utamu wake tangu utotoni, ukageuka kuwa vita ya kila siku, hadi alipofariki Septemba 30, 1897, akiwa na miaka 24.

Katika miezi hiyo aliandika Kanuni ya Imani kwa damu yake, akaibeba kifuani. Aliendelea kuwalea wanovisi, na akatunga mashairi yaliyojaa shangwe. Aliyeyasoma angedhani mtunzi amezama katika faraja. Yeye mwenyewe alieleza kwamba aliimba yale aliyotaka kuyasadiki.

Je, huo si unafiki? Hata kidogo. Mnafiki huonyesha asichokitaka. Teresia alikitaka kwa moyo wote asichokihisi. Hisia haziji kwa kuamriwa, bali kutaka ni kwetu, na hapo ndipo imani hushika. Inaniuma kusikia waumini waliochoka, waliofiwa au wanaougua wakiambiwa kwamba wamekauka kwa sababu wana dhambi iliyofichika. Mwenye huzuni isiyokwisha, asiyelala wala kula, aende pia kwa daktari. Kufanya hivyo si kukosa imani.

Furaha ya Teresia, basi, ilitoka wapi? Ndani ya giza alijiona ameketi meza moja na wasioamini, akila mkate wao mchungu, akiwaombea kama ndugu. Hakuomba aondolewe mezani kabla Mungu hajapenda. Wakati huohuo alikuwa akimwandikia barua za kumtia moyo mseminari Maurice Bellière, aliyekuja kuwa mmisionari Nyasaland, Malawi ya leo. Kijana huyo alipata kwake faraja ambayo Teresia mwenyewe hakuionja, na kumpa kulimfurahisha kweli.

Wiki ijayo tutafungua Zaburi ya 88, sala inayoishia gizani.