Ndugu yako Marekani amealikwa kuwinda dubu: mambo ya kumwambia kabla hajaingia porini

Mama mmoja, msikilizaji wetu wa Kasulu, alitutumia ujumbe wa sauti. Mdogo wake aliishi kambi ya Nyarugusu, akahamishiwa Marekani, na sasa anafanya kazi jimbo la Maine. Wenzake wa kazini wamemwalika kwenda kuwinda dubu msimu utakapofunguliwa mwishoni mwa Agosti. Mama aliuliza mambo mawili: "Huyu hatafungwa kama jangili? Na hiyo nyama inaliwa?"

Najua si yeye peke yake mwenye ndugu huko. Jibu fupi ni kwamba akifuata sheria hafungwi, na nyama ya dubu inaliwa. Lakini kila jibu lina masharti yake. Ukikosea la kwanza unaweza kufukuzwa nchini. Ukikosea la pili unaweza kuwaumiza watu wa nyumba nzima.

Dubu mweusi ni mnyama gani

Huku kwetu hakuna dubu, kwa hiyo tuanzie hapo. Dubu mweusi anaishi Kanada, Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Dume aliyekomaa na kunenepa anaweza kupita kilo 150. Jina lisikudanganye, kwa sababu wengine ni wa kahawia au wa rangi ya mdalasini.

Wakati wa baridi kali dubu huingia pangoni na kulala kwa miezi, bila kula wala kunywa. Ndiyo maana kuanzia Agosti anakula karibu kutwa nzima ili aweke mafuta mwilini. Jike hupandwa Juni au Julai, lakini mimba haianzi kukua mpaka karibu Novemba. Kama hakunenepa vya kutosha, haikui kabisa. Watoto huzaliwa Januari humo pangoni, kila mmoja akiwa na uzito chini ya nusu kilo. Hukaa na mama yao karibu mwaka mmoja na nusu.

Mwindaji anayeanza ashike jambo hili: mwanzoni mwa msimu dubu yuko penye chakula. Agosti anafuata matunda madogo ya vichakani. Baadaye anafuata njugu na kokwa zinazoanguka kutoka kwenye miti mikubwa. Atafute kwanza chakula, mavi mabichi na alama za kucha kwenye magome ya miti. Bunduki ni ya baadaye.

Kwa nini si ujangili

Huku kwetu, ukionekana na nyama ya porini bila kibali, umekwisha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977. Tanzania inauruhusu, lakini kwa leseni. Marekani nako ni leseni inayomtenganisha mwindaji na jangili.

Kila jimbo lina idara yake ya wanyamapori, ndiyo inayopanga siku za kuwinda, idadi ya wanyama na njia zinazoruhusiwa. Fedha za leseni husaidia kuendesha kazi hiyo. Pia kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1937 inayoitwa Pittman-Robertson. Kwa sheria hiyo, kodi ya asilimia 11 ya bunduki ndefu na risasi hurudi kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori.

Si kila Mmarekani anaufurahia uwindaji huu. Mwaka 2004 na tena 2014, wananchi wa Maine walipiga kura kuamua kama wapige marufuku kuwinda dubu kwa chambo, mbwa na mitego. Mara zote mbili marufuku ilikataliwa, lakini ubishi haujaisha.

Makaratasi kwanza

Huko Maine msimu hufunguliwa Jumatatu ya mwisho ya Agosti na kuendelea hadi Novemba. Kwa wiki nne za mwanzo mtu anaruhusiwa kuwinda kwa chambo. Ruhusa ya kupiga huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kwisha nusu saa baada ya jua kuzama. Jumapili hakuna kuwinda kabisa. Mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na leseni kwa kawaida lazima apite mafunzo ya usalama wa wawindaji kabla ya kununua leseni. Kwa dubu wa mwanzo wa msimu, anahitaji pia kibali cha dubu juu ya leseni hiyo. Akishapata dubu anatakiwa kumsajili kwenye kituo ndani ya saa 18 na kukabidhi jino lake. Wataalamu hulikata jino na kuhesabu mistari iliyomo, ambayo huwaonyesha umri wa mnyama.

Jimbo jingine lina sheria nyingine. Mji wa Missoula, jimbo la Montana, umepokea familia za Wakongo tangu 2016. Huko chambo ni marufuku, na kabla ya kuuziwa leseni ya dubu mweusi lazima ufaulu mtihani wa kuwatambua dubu. Sababu ni kwamba Montana kuna pia dubu aina ya grizli, anayelindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975. Grizli ana nundu mabegani, uso uliobonyea kama sahani na kucha ndefu. Dubu mweusi hana nundu, na pua yake imenyooka. Anayeangalia rangi tu ataua asiyemkusudia, na kesi yake itakuwa kubwa.

Sasa msikilizaji, sikia hili la bunduki. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye na hali halali ya uhamiaji kuwa na bunduki au risasi, hata ya kuazima porini. Hata mwenye grini kadi, akipatikana na hatia ya kosa la bunduki, anaweza kurudishwa alikotoka. Ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri uamuzi amuulize wakili kabla hajaigusa. Kauli ya rafiki kwamba "hapa kila mtu ana bunduki" haitamsaidia mahakamani.

Siku yenyewe

Dubu haoni sana kuliko binadamu, lakini pua yake ni ya ajabu. Mwindaji akae mahali ambapo upepo unatoka kwa dubu kuja kwake. Wengi hukaa kwenye jukwaa lililofungwa mtini. Huko juu asikae bila mkanda wa usalama, kwani kuanguka mtini huumiza wawindaji wengi.

Dubu akitokea, asipige upesi. Atazame kama kuna watoto nyuma yake au juu ya mti. Montana na majimbo mengine mengi hayaruhusu kupiga jike mwenye watoto. Hata pale sheria isipotamka, fikiria kinachowapata watoto wa miezi saba wakiachwa peke yao. Masikio nayo husaidia: yakionekana makubwa ukilinganisha na kichwa, huyo bado ni mdogo.

Asubiri mnyama asimame ubavu, kisha alenge nyuma ya mguu wa mbele, kwenye moyo na mapafu. Dubu aliyejeruhiwa vibaya ni taabu kumfuatilia, kwa sababu mafuta na manyoya mazito hunyonya damu isidondoke chini. Anayeanza asiende peke yake.

Joto la Agosti na moto wa jikoni

Tunadhani Marekani ni baridi siku zote, lakini Agosti ni joto. Ngozi nene na mafuta hushika joto la mwili, na nyama huanza kuharibika mapema. Mnyama apasuliwe na kuchunwa bila kuchelewa, kisha nyama ipate barafu. Mpango wa barafu na gari ufanywe kabla ya kwenda.

Kuhusu kula: Waislamu wengi hawali dubu kwa kuwa ni mnyama mwenye chonge. Kwa wanaokula, kuna minyoo inayojificha ndani ya misuli, iitwayo trikinela. Julai 2022 familia moja ilikutana jimbo la South Dakota na kula mishkaki ya dubu mweusi aliyewindwa Kanada. Nyama ilikuwa imekaa kwenye friza siku 45. Kwa kuwa nyama ya dubu ni nyeusi, hawakujua mwanzoni kwamba haijaiva. Watu sita waliugua, na wawili kati yao walikula mboga tu zilizopikwa pamoja na nyama hiyo.

Kwa hiyo friza haitoshi, kwa sababu minyoo wengine wa porini hustahimili baridi. Kukausha na kubanika kwa moshi kama tunavyofanya samaki nako hakuaminiki. Kinachoua ni moto: nyama ifikie nyuzi 74 za selsiasi ndani kabisa, na ipimwe kwa kipimajoto cha nyama. Mapishi yetu ya kuchemsha mpaka nyama ilainike ni salama kuliko mishkaki. Aliyekula kisha akapata homa, maumivu ya misuli na kuvimba macho aende hospitali na aseme wazi amekula dubu.

Yule mama nimemjibu hivi: mwambie mdogo wako aanze na mafunzo na leseni, aulize hali yake ya uhamiaji kabla ya kushika bunduki, na anunue kipimajoto. Kama hayo matatu hayatakuwa tayari kufikia Agosti, asubiri msimu wa mwakani.