Mlinzi wa tovuti asije akafukuza wateja

MAKAMBAKO ni njia panda. Barabara inayotoka Iringa hugawanyika hapo, moja ikienda Mbeya na nyingine Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita mjini humo. Zamani mnunuzi wa mbao au viazi mviringo alilazimika kufika mwenyewe. Siku hizi anaweza kuanza kwa kufungua tovuti ya muuzaji kwenye simu, akiwa Dar es Salaam au Nairobi.

Balaa ni pale simu inapomjibu kwa namba 403, yaani ukurasa upo lakini huruhusiwi kuingia. Mnunuzi wa namna hiyo hapigi simu kuuliza. Anahamia kwa muuzaji mwingine, na mwenye tovuti hajui hata kama alikuja.

Mara nyingi anayezuia ni programu ya ulinzi, mfano Wordfence, inayowekwa kwenye tovuti za WordPress. Ulinzi ni lazima, kwani programu za wadukuzi hubahatisha maneno ya siri usiku na mchana, na haziangalii kama tovuti ni ya benki au ya muuza mbao. Lakini mlinzi asiyeandika daftari getini hawezi kueleza amemrudisha nani.

Daftari hilo huonyesha saa, anwani ya IP ya mgeni, ukurasa alioutaka na sababu ya kuzuiwa. Anayegonga wp-login.php mara mia kwa dakika chache si mnunuzi wa viazi. Aliyeomba ukurasa wa bei mara moja tu akarudishwa, huyo ni wa kuchunguzwa. Kampuni za simu huweza kuwapa wateja wengi anwani moja, hivyo kumfungia mkorofi mmoja ni kuwafungia na wasio na hatia. Wapo pia wanaofunga nchi nzima, halafu wanashangaa kukosa oda kutoka Kenya.

Dawa si kuizima programu, bali kulegeza sharti lililokosea na kusoma daftari walau mara moja kwa wiki. Kama mteja analalamika na daftari halina kitu, kizuizi huenda kiko kwenye seva yenyewe. Hapo kampuni inayohifadhi tovuti iombwe kumbukumbu zake.

Kumbukumbu hizo zisirundikwe miaka nenda rudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023, na anwani ya IP inaweza kumtambulisha mtu.