NENO LA SIRI SI LA ZAMU NZIMA

Askari aliyewahi kulinda lindo la usiku aijua kazi ya neno la siri. Alijuaye hupita; asiyelijua husimamishwa, hata kama amevaa sare. Neno hilo ni la kikosi kizima, na kesho yake hubadilishwa. Neno la siri la kompyuta ni la mtu mmoja tu, ingawa katika ofisi na maduka mengi hutumiwa kana kwamba nalo ni la zamu nzima.

Tutazame Musaga, kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara iendayo Ijenda. Mawakala wa Lumicash na EcoCash ndio wanaozipatia jamaa fedha zilizotumwa na baba aliye kazini mbali. Wakala akienda kula, humwachia kijana wake simu ya biashara pamoja na namba ya siri. Jioni fedha zikipungua, kumbukumbu za mashine zitaonyesha saa na kiasi, lakini mtendaji atakuwa ni mwenye kibanda, maana namba ni yake. Kijana atashukiwa bila ushahidi, na akiwa hana hatia hatakuwa na la kumwokoa. Yafaa kila mfanyakazi awe na namba yake pale mtambo unaporuhusu. Usiporuhusu, fedha zihesabiwe na kuandikwa wakati wa kupokezana, na mwenye kibanda aibadilishe namba arudipo.

Udhaifu huu si wa leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake waliweka maneno ya siri kwa kuwa watu wengi walishiriki mashine moja. Mwaka 1962 mwanafunzi Allan Scherr, aliyeona saa alizogawiwa hazimtoshi, aliiamuru mashine imchapie orodha nzima ya maneno hayo, akatumia saa za wenzake.

Kisa cha Februari 2016 kinajulikana dunia nzima. Wezi waliingia katika kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma New York maagizo ya karibu dola bilioni 1 kwa vibali vya watumishi wa benki wenyewe. Kwa mashine, vibali hivyo vilikuwa halali. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Nyingine milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka ziliokolewa kwa sababu mwizi alikosea tahajia ya neno moja.

Nyumbani, namba hii huleta ugomvi. Mume asiyemtajia mkewe namba yake si lazima awe na la kuficha. Mama naye awe na laini iliyoandikishwa kwa kitambulisho chake, fedha za chakula na za shule zitumwe huko. Na akifika kwa wakala abonyeze tarakimu mwenyewe, asimtamkie kwa sauti mbele ya foleni.